Kituo Ndani ya Ndoo

Lonnie Tackett alikuwa kwenye donati yake ya pili mkahawani pale aliposikia maneno yaliyomfanya asahau kutafuna.

"Mabasi wayalete tu, mimi sina neno," bwana mmoja wa meza ya nyuma alikuwa akimwambia mwenzake. "Lakini kituo kikae mbele ya nyumba yangu? Natoa chochote kiondoke. Chochote!"

Watu wengi wakisikia neno "chochote" hulisahau papo hapo. Lonnie alilipokea kama muumini anavyopokea baraka. Akainamisha kichwa, akafuta sukari midomoni, akaagiza boksi zima la donati la kuondoka nalo, maana aliona kazi itakuwa ndefu.

Kaunti ya Harwell ilikuwa imetangaza kwamba hatimaye italeta mabasi. Wakati ulikuwa umefika. Huko, mtu akiishiwa mkate anawasha gari, na jirani anamjua jirani kwa rangi ya gari lake. Mkutano wa kusikiliza wananchi ungefanyika maktaba Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kila mtu alitaka mabasi, na kila mtu alitaka yapite kwa mwenzake. Katika pengo hilo dogo, Lonnie aliona nafasi ya kuingiza mkono.

Kufikia Alhamisi alikuwa na vifaa vyote: kizibao cha rangi ya machungwa, koni tatu za barabarani, ubao wa kushikia karatasi, na mlingoti uliosimikwa ndani ya ndoo ya saruji. Juu ya mlingoti aliweka bango la mviringo lenye picha ya basi. Aliichora mwenyewe, na magurudumu yalitoka kama maandazi. Usafiri wake ulikuwa basi dogo la viti kumi na vinne alilolinunua mnadani, ambalo zamani lilikuwa la hoteli ya karibu na uwanja wa ndege. Siku ambazo mambo hayakumwendea vizuri, alilala humo.

Alianza na mtaa wa Bonde la Paa. Bonde lilikuwa limejazwa kifusi zamani na paa walishahama, lakini jina lilibaki kwenye ukuta wa mawe pale mlangoni, na taa zikilimulika. Lonnie alishusha ndoo mbele ya nyumba ya kwanza, akapanga koni zake, akaanza kuandika. Hakuandika kitu. Alichora bata.

Mwenye nyumba akatoka mbio na ndara. Alikuwa Kendrick Vossler, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mtu anayepima nyasi za wenzake kwa rula.

"Bwana mkubwa, hiki ni nini?"

"Hongera, mzee! Mmepata kituo."

"Hongera ya nini? Nani kasema kikae hapa?"

"Ramani." Lonnie akaupiga ubao wake kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya. "Watu watasubiri hapa. Saa nyingine watakaa. Wengine watakula ndizi."

"Ndizi?" Vossler akatazama nyasi zake, akayaona maganda.

"Upo utaratibu wa kupitia upya, lakini una ada. Na siwezi kukirudisha ofisini, ila naweza kukisogeza nyumba moja."

Vossler aligeuka kuitazama nyumba ya pili, ya Shirin Daftary, daktari wa meno aliyemziba jino siku ya Krismasi bila kulalamika. Alisita, na nampa haki yake kwamba alisita. Kisha akaingia ndani kuleta bahasha.

Daktari Daftary naye alisikia habari ya ndizi. Naye alisita, naye akaleta bahasha, nono kuliko ya kwanza. Ndoo ikasogea. Kwa siku mbili ilitembea nyumba kwa nyumba kama mgeni asiyetakiwa kulala, na bahasha zikaingia kwenye boksi la donati chini ya kiti cha dereva.

Ungedhani majirani wangeulizana, lakini hawakuuliza. Huko watu hupungiana mikono kwenye masanduku ya barua miaka ishirini bila kuongea, na sasa kila mmoja aliamini kuwa ni yeye peke yake aliyemtupia mwenzake mlingoti. Waliona haya, wakazidisha kupunga.

Ijumaa alasiri ndoo ikafika nyumba ya saba, ya Earnestine Pettway. Lonnie hajapanga hata koni ya kwanza, mwenye nyumba, mama mwembamba, akatoka na glasi mbili za chai ya baridi.

"Hatimaye!" alisema. "Kunywa, mwanangu, jua kali. Basi linapita nyumba ya wazee ya Laurel?"

"Linapita kila mahali, mama. Lakini kuna kelele, kuna vumbi, watu watakula ndizi..."

"Nitawaletea sahani. Mume wangu Cleophus yuko Laurel tangu alipopata kiharusi. Maili kumi na moja. Daktari kanikataza kuendesha gari kwa sababu ya kizunguzungu, basi namwona Jumapili, wa kanisani wakikumbuka. Hawajasema wamechoka na mimi, Mungu awabariki. Lakini mtu unajua." Akanywa chai kidogo. "Ananisubiri dirishani. Manesi wanasema anasubiri hata siku ambazo si Jumapili."

Lonnie alikohoa. "Tatizo ni kwamba kituo hiki kinaweza kuhamishwa, mama. Kwa ada ndogo..."

"Kihamishwe?" Bi Pettway akaweka glasi chini, akakalia ndoo, mgongo kwenye mlingoti, mikono mapajani. "Basi tutahama pamoja. Linakuja lini?"

Lonnie alikuwa na maradhi ya wasema uongo wote: ulimi wake ulitangulia kichwa. "Jumatatu," ulimi ukasema. "Saa tatu kasorobo asubuhi."

Ikambidi aondoke bila ndoo yake, kwa sababu ilikuwa imekaliwa.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Angerudi Jumatatu saa nne, mama akiwa ameshakata tamaa, achukue ndoo, aende mtaa wa juu wenye uwanja wa gofu, ambako bahasha bila shaka zilikuwa nono zaidi. Saa nne akaingia Bonde la Paa polepole. Bi Pettway alikuwa pale, kwenye kiti cha kukunja, amevaa kofia ya kanisani, na chupa ya mapichi mapajani. Kando yake alisimama Marisela, dada anayesafisha nyumba za mtaa ule na kutembea maili mbili kila siku pembeni mwa barabara kuu, ambako hakuna hata njia ya miguu. Alikuwa amemshikia bibi mwavuli.

"Umechelewa saa nzima na robo, kaka dereva!" Marisela akamtania. "Ulisimama kuoga?"

"Mwache," alisema Bi Pettway. "Amekuja. Wangapi husema watakuja na hawaji?"

Lonnie akafungua mdomo kueleza kwamba yeye si dereva. Ng'ambo ya barabara, Vossler alikuwa akimwagilia maua, mpira wa maji mkononi, macho kwake. Lonnie akafunga mdomo. Akashuka, akageuza kreti ya maziwa iwe kipandio, akampa mama mkono. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nalitaja kwa sababu hiyo.

Akaendesha. Akamshusha Marisela kwenye nyumba ya pili ya kusafisha siku hiyo, akafika Laurel. Dirishani palikuwa na mzee. Alipoiona ile kofia siku ya Jumatatu, alijisogeza mbele kitini mpaka nesi akamshika bega, akainua mkono wake mmoja mzima juu kabisa, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

Lonnie alijisemea kwamba sasa anaondoka. Barabara kuu ilikuwa dakika nne tu.

"Mwanangu," alisema Bi Pettway, "nipe hicho kizibao. Humu ndani wanawasha hewa baridi kama wanatunza samaki."

Kabla hajapata uongo unaofaa, kizibao kilikuwa kifuani mwa mzee Cleophus. Mzee akakitazama, akajipapasa, akanyooka. Yule aliyekuwa mgonjwa sasa alikuwa msimamizi. Nesi alipotaka kukivua, alimwonyesha mlango.

"Utakipata saa nane ukija kunichukua," alisema Bi Pettway.

Bila kizibao, Lonnie alikuwa mtu wa kawaida mwenye ndoo, na mtu wa kawaida mwenye ndoo huitiwa polisi. Saa nane alikuwa mlangoni. Mzee alikataa kuvua. Alikataa Jumanne na Jumatano pia. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Lonnie zilikuwa siku tano za kazi: kila asubuhi saa tatu kasorobo, kila siku abiria wengi zaidi. Walikuja wafanyakazi wa ndani, wakaja wazee walionyang'anywa funguo na watoto wao, akaja hata baba mkwe wa Vossler aliyetoroka kupitia gereji. Alhamisi alfajiri Lonnie aliamka kabla ya saa kulia, akajikuta anafagia basi. Akautupa ufagio kwa hasira. Halafu akauokota, kwa kuwa chini ya viti vya nyuma palikuwa bado.

Ijumaa jioni aliwapeleka wote maktaba. Akamshusha mzee mmoja na kigari chake cha kutembelea, na ili mikono iwe huru akampa Bi Pettway funguo. Nia yake ilikuwa kuzichukua baada ya dakika mbili, kisha kwaheri Harwell.

Katika mikutano ya kaunti, kila mwananchi hupewa dakika tatu kwenye kipaza sauti, na tangu kaunti ianzishwe zote zilikuwa zimetumika kulalamika. Vossler alikaa mbele na kurasa nne za kupinga. Lakini jina la kwanza lililoitwa lilikuwa la Bi Pettway.

"Mimi naishi Bonde la Paa, nyumba ya saba," alisema. "Nimekuja kushukuru."

Ukumbi ukashtuka. Mwenyekiti wa mkutano, mama mwenye kengele, akaiweka kengele chini.

"Nashukuru kwa ajili ya basi."

"Mama," alisema mwenyekiti kwa upole, "kaunti bado haijaanzisha mabasi."

"Najua, binti yangu. Majirani zangu wamewatangulia. Kituo kilikuwa nyumba ya kwanza. Bwana Vossler akatoa pesa zake mfukoni kisogezwe karibu na mimi. Daktari Daftary akatoa, kikasogea. Nyumba sita, bahasha sita, na hakuna aliyejisifu. Niliona yote dirishani. Nimemwona mume wangu siku tano mfululizo! Simameni wawaone."

Ungeweza kusikia nzi akifikiri. Vossler alitazama kurasa zake nne. Kusema ukweli kungekuwa kusema alimtupia daktari wake wa meno mlingoti. Akasimama. Akazikunja zile kurasa ndogo, ndogo zaidi, mpaka zikaenea mfukoni.

"Wewe pia ulitoa?" Daktari Daftary alimnong'oneza.

"Kwa moyo mkunjufu," alisema Vossler, na jasho likimtiririka. "Na wewe?"

"Sana mno."

Wakapigiwa makofi. Wakapigiwa tena. Baba mkwe wa Vossler alilia, akamwambia jirani yake kwamba miaka kumi na miwili alikuwa amemdhania vibaya mkwewe.

Wakati huo Lonnie alikuwa akinyata kuelekea mlangoni. Kando ya mlango aliketi Marisela, na mapajani mwake lilikuwepo boksi la donati, lile la chini ya kiti cha dereva.

"Kaka dereva, wapi tena? Hujaitwa bado."

"Naangalia gari tu, dada."

"Gari halina miguu. Funguo anazo bibi. Kaa."

"Na yule pale mlangoni," Bi Pettway aliendelea, "ndiye Lonnie, aliyetutunzia zile bahasha. Zote zimo kwenye boksi alilolishika Marisela. Hebu fikirini, mtu mwingine angekimbia nazo!"

Ukumbi mzima ulicheka kwa wazo hilo. Lonnie naye alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Vossler, aliyekwisha kuionja sifa na kuiona tamu, akakinyakua kipaza sauti. Akapendekeza boksi lile lilipe mafuta na mshahara wa dereva mpaka mabasi ya kaunti yafike. Daktari Daftary, asiyetaka kushindwa, akasema yeye ataweka benchi lenye kivuli mbele ya nyumba yake mwenyewe. Wa nyumba ya tatu akadai kituo chake pia. Wakaanza kubishana nani ana haki zaidi ya watu kusubiri mbele ya nyumba yake, na mwenyekiti ikabidi apige kengele. Kisha akaandika, mbele ya macho ya wote, kwamba njia ya kwanza ya kaunti itapita Bonde la Paa, kwa kuwa ni hapo tu palipokuwa na abiria tayari.

Nje, Lonnie alimsaidia Bi Pettway kupanda. Wengine walikuwa bado ndani wakipeana mikono, na wengi wao hawakuwahi kushikana kabla.

"Mama," alisema, "ulijua tangu lini?"

"Kaunti hii iliniahidi taa za barabarani mwaka nilioolewa. Wewe uliniahidi Jumatatu, ukaja Jumatatu." Alijifunga mkanda. "Nikajua hapo hapo kwamba wewe si wa kaunti."

"Na hukuita polisi?"

Bi Pettway alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumwaga chai nzuri.

"Polisi wangenipeleka kwa Cleophus?"