Chifu Aliyechorwa Akisugua Sufuria

Mto Wapistan,
Ghuba ya James.
19 Mei

Drusilla wangu amechaguliwa kuwa chifu, na ninyi mmemchora akisugua sufuria!

Ndugu Mhariri, nisamehe, salamu ndiyo iliyopaswa kutangulia. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Sisi huku hatujambo, bata bukini wamepita kwa wingi mwaka huu, na barafu imeondoka mtoni bila kubeba mtumbwi wa mtu. Mimi ni Bi. Emmeline Nakogee, mama mzazi wa Chifu Drusilla Nakogee, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho hapa kwetu, kwa kura mia mbili na kumi na moja dhidi ya mia moja na arobaini. Sijisifu. Ningetaka kujisifu ningekueleza pia kwamba anazungumza lugha tatu, na kwamba anaweza kufungua injini ya boti yote na kuirudisha bila skrubu kubaki.

Shule nilisoma miaka mitano tu, kwa hiyo napanga malalamiko kwa namba yasije yakanipotea. Yanahusu michoro ya mchoraji wenu, Bwana Lorne Haskett, inayoonyesha wafanyabiashara wa kwanza wa Kizungu walivyokutana na sisi Wakrii, wenyeji wa pwani hii. Hasa ule wa ukurasa wa tatu, ambao gazeti lako limeamua kutuzawadia, mkubwa kama mlango, utundikwe katika ukumbi wetu wa baraza, nyuma ya kiti cha chifu.

1. Midomo. Mababu zangu sita wamesimama mbele ya sufuria ya shaba, wote midomo wazi. Ndugu Mhariri, kiangazi huku kuna mbu. Mtu hafungui mdomo kiasi hicho hata akitokewa na malaika. Na washangae nini? Bibi yangu Keziah alisimuliwa na bibi yake ilivyokuwa: sufuria inagongwa kwa ukucha, inasikilizwa, inajazwa maji, kisha watu wanakaa chini wanavuta tumbaku ya yule yule mgeni huku wakiangalia kama inavuja. Ikivuja, inarudi ilikotoka. Walioshangaa ni wageni, kwamba watu hawa hawamalizi kuchagua! Bibi Keziah mwenyewe alirudisha dukani sindano moja, mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa sababu tundu lake halikumridhisha.

Sasa shemeji yangu Ozias, ambaye kwa mila zetu ana ruhusa ya kunitania mpaka mmoja wetu azikwe, ameutazama mchoro akasema, "Shemeji, huyu wa nne mwenye domo ni wewe kabisa, siku ile ulipoletewa mashine ya kufulia." Nikamjibu, "Na wa tano ni wewe, ila mchoraji amekuonea huruma akapunguza tumbo." Unaona? Mmeshaleta maneno ndani ya ukoo.

2. Mlima. Nyuma ya mababu kuna mlima wenye theluji kileleni. Nina miaka sitini na minane, nimekanyaga nchi hii kila upande, na kitu kirefu kuliko vyote nilichokiona ni mnara wa redio. Nchi yetu ni kinamasi, imelala kama shuka. Tafadhali mlima uondolewe. Kama hauwezi kuondolewa, basi uletwe. Tutauweka nyuma ya shule, watoto wapate pa kuteleza.

3. Soksi. Mfanyabiashara amesimama juu ya mwamba, mkono juu kama anabariki, na soksi zake nyeupe pe. Pwani yetu maji yakitoka huacha tope ambalo mwisho wake huuoni. Hajawahi kufika mtu kutoka baharini isipokuwa akiwa ametapakaa tope mpaka kiunoni, na njaa juu yake. Kuna mtu alimvuta kule topeni. Kuna mtu alimkausha na kumlisha samaki. Mtu huyo alikuwa mwanamke, naye ndiye aliyekagua sufuria na kuzuia ngozi za wanyama, yaani malipo, zisitolewe mapema. Katika mchoro mwanamke ni mmoja tu, na huyo nampa namba yake mwenyewe.

4. Drusilla. Bwana Haskett alikaa nyumbani kwangu siku tisa, mwezi wa pili, kwenye baridi ya kupasua miti. Akamwona mwanangu akasema, "Mama, uso kama huu sijapata kuuona, nitamchora awe mkalimani kati ya pande mbili." Nikafurahi, nikamwongezea supu. Gazeti linakuja, mkalimani ni Mzungu mwenye ndevu! Drusilla yuko pembeni, amechutama miguuni pa zile soksi, anasugua sufuria. Sufuria ambayo ndiyo kwanza imetolewa kwenye boksi! Nani anasugua sufuria mpya? Na kwa taarifa yako, mwanangu hajui kusugua sufuria. Nimejaribu kumfundisha miaka kumi na minane. Huo mchoro ni uongo hata jikoni kwangu.

Ningeweza kucheka, Ndugu Mhariri. Lakini mwezi ujao watu wa kampuni ya madini wanakuja kuzungumza na Drusilla habari ya mto wetu, ambao wanautaka. Wataketi upande wa pili wa meza. Wakiinua macho, chifu yuko kitini, na chifu huyo huyo yuko ukutani amechutama na masizi. Watazungumza na yupi? Mto ni mmoja. Ukipotea hatutapewa mwingine.

5. Najua Bwana Haskett atakuambia kwamba tulimsifu. Ni kweli. Alitandaza karatasi zake mezani kwangu, mlima ukiwemo, na wote tuliokuwepo tukasema, "Nzuri." Ozias alisema mara tatu. Lakini wakati huo mgeni alikuwa na paja la bata bukini mkononi! Ni nani mwenye malezi anamwambia mgeni anayetafuna chakula chake kwamba kazi yake mbaya? Kwetu unangoja aondoke, afike kwake salama, apumzike. Tumengoja. Sasa amepumzika, kwa hiyo nasema: mbaya.

6. Basi naomba kwa heshima. Drusilla asimamishwe juu ya mwamba. Mfanyabiashara ashuke topeni, apewe sufuria na mchanga, asugue. Midomo ifungwe, yote sita. Ikishindikana, Bwana Haskett achore na mkutano wa pili, yaani wa mwezi wa pili: yeye akishuka kwenye ndege na viatu vya mjini, akizama kwenye theluji mpaka kwapani, na mama mmoja mnene kiasi akimvuta kwa kola. Mchoro huo utundikwe ofisini kwako, nyuma ya kiti chako, na wageni wako wakaribishwe mbele yake kwa muda wa miaka mia tatu, kama sisi tulivyotazamwa. Likishindikana na hilo, mimi mama wa chifu nitaketi ukumbini chini ya ule mchoro kila siku, na kila atakayeingia nitamweleza namba moja mpaka namba tano. Nina afya nzuri na sina haraka.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wote, na yule binti mwenye sauti nzuri anayepokea simu. Bwana Haskett mwambie fulana aliyoisahau nimeifua na kuishona kwapa. Kijana ni mwema, tatizo ni kuchora.

Wako mwenye uchungu wa mama,
Emmeline Nakogee (Bi.)

Baada ya sahihi: Sijafunga bahasha Drusilla akaingia, akaisoma barua yote amesimama na koti lake. Nilidhani atanikumbatia. Akasema, "Mama, usiguse kitu. Mchoro uje hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Umechutama, mwanangu!"

"Niache nichutame. Wale mabwana wakiamini wanaongea na hao wa ukutani, hawatahangaika kuficha kitu. Watasema yote, polepole, kwa sauti kubwa. Mimi nitakuwa naandika."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, madai yote nimeyafuta. Mlima ubaki. Bwana Haskett akipata nafasi aongeze midomo iwe minane, Ozias amejitolea kukaa achorwe. Sufuria iongezwe masizi. Malalamiko ya juu yachape, wacheke, ila hiki kipande cha mwisho usikichape, maana watu wa kampuni nao wananunua gazeti. Wao wanafika Jumatatu, tarehe kumi na nne Juni. Ninyi na mchoro wenu, na mchoraji, na mkeo, na yule binti wa simu, tunawangoja kwenye karamu ya kuutundika, Jumamosi tarehe kumi na mbili Juni, saa sita mchana.