Haki ya Kaburi Nambari Kumi na Nne

Waheshimiwa masheikh wa Matrah, waheshimiwa wazee mliokuja kutoka Hamriya kwa punda na kwa miguu, mabwana mliokuwa makarani Unguja na ambao hapa bado ni makarani kwa moyo ingawa kazi hamjapata, mabibi mlio nyuma ya pazia, na wewe Bwana Suud mwenye uwanja huu, ambaye kahawa yako nnaisifu ingawa haijanifikia: asalaam alaykum! (Waalaykum salaam. Kikombe kinapitishwa mbele.)

Mimi, Yaarub bin Ghanim, Mwenyekiti wa Maisha wa Kamati ya Makaburi ya Jamaa Waliotoka Unguja, nnasimama mwaka huu wa 1968, mwaka wa nne tangu tuteremke bandarini hapa Omani na vifurushi vyetu, kutoa ripoti ya Skimu ya Makaburi, ambayo niliibuni mwaka jana kwa fikra zangu mwenyewe bila ya kushauriwa na mtu, na ambayo inampa kila mwenye nyumba hati yenye nambari, muhuri na sahihi yangu mara tatu, imthibitishie haki ya kaburi moja, alishike, alirithishe au alihamishe apendavyo. Hati mia mbili na kumi na tatu zimetolewa, na hadi mwezi uliopita asilimia mia moja ya wenye hati walikuwa hai, jambo linaloonesha ubora wa hati zenyewe. (Makofi.)

Nnakuja sasa kwenye transfa, yaani kuhamisha hati, maana hapo ndipo nilipotukanwa. Bwana Aflah, fundi cherahani wa sokoni, ndiye mwenye kaburi nambari kumi na nne. Mama yake, Bi Rahila, hakuwa na hati kwa kuwa akikaa kwa mwanawe. Alipozidiwa na homa, Aflah alinijia mbio akasema, "Bwana Yaarub, nnataka kumpa mama kaburi langu." Nikamjibu, "Vyema, lakini kaburi halitolewi kienyeji kama kikapu cha tende. Jaza fomu." Fomu hiyo, waheshimiwa, ina kurasa sita, na kifungu cha tano kinamtaka mpokeaji afike ofisini kwa miguu yake, athibitishe kwamba kaburi analihitaji. (Aflah: "Hata kukaa kitako alikuwa hawezi!") Kweli, na kwa huruma ya Kamati nilimfuata mimi kitandani, nikamsomea kurasa zote sita. Alipofumbua macho akaniuliza, "Mwanangu, jirani zangu huko ni nani?" Nikafungua rejista: "Kumi na tatu ni Bwana Harub, kumi na tano ni Bi Kheiria."

"Kheiria aliyeondoka na sinia langu la shaba?" akasema. "Basi mimi sifi." (Kicheko nyuma ya pazia. Bi Kheiria: "Alinipa mwenyewe!")

Akaishi siku kumi na moja zaidi, kwa hasira tupu, na nnaomba mafanikio hayo yaandikwe kwa jina la Kamati. Siku ya kumi na moja Bi Kheiria akaenda mwenyewe, akamlisha uji, wakalia pamoja, wakacheka, na Bi Rahila akaomba wino atie kidole gumba. "Sasa niwekeni karibu naye," akasema. Asubuhi yake akafariki. (Wote: "Allah amrehemu.")

Basi tukabeba jeneza kutoka Matrah kuelekea bondeni, nyuma ya Hamriya, mimi mbele na rejista, jua utosini. Aflah akauliza, "Wapi, Mwenyekiti?" Nikamwambia mbele kidogo. Akauliza tena, nikamwambia mbele kidogo. Mara ya tatu hakuuliza. Alitua jeneza, akakaa chini kwenye changarawe, akafunika uso kwa kilemba chake. Hapo wenyeji wa bonde wakatoka majumbani na majembe na, kinyume cha utaratibu wote, bila ya kutazama hati wala kuuliza nambari, wakachimba, na mzee wao akamshika Aflah mkono akamwambia, "Mama yako ni mama yetu." Nilipinga kwa maandishi. (Aflah: "Nikaichana karatasi yako!") Aliichana, na nakala ninayo.

Kwa hiyo nnahitimisha: Hati kwanza, kifo baadaye! (Wachache: "Baadaye!") Kila maiti na nambari yake! (Bwana Suud anakusanya vikombe.) Nakushukuruni nyote, nawashukuru hasa wenyeji wa bonde kwa kutupa kaburi moja katika makaburi yao, maana yale yetu mia mbili na kumi na tatu, waheshimiwa, ardhi yake hatujaiomba kwa mtu yeyote, kwa sababu fomu ya kuombea ardhi bado sijamaliza kuitunga.