Kabati la Kilo Sitini

Jumatatu, tarehe 6

Binti wa mke wangu ana jaribio la fizikia Ijumaa. Leo kafungua kitabu mezani, kashika simu ampigie mjomba wake, fundi wa kuchomelea. Yule shemeji! Kila kitu mjomba, mjomba. Mimi baba wa kambo mwaka mzima sasa, sijaulizwa hata saa. Nikadakia: fizikia ndiyo ilikuwa yangu! Mke wangu akanitazama. Binti akasoma swali. Kabati la kilo 60 linasukumwa kwa kani ya nyutoni 300. Msuguano wa sakafu ni nyutoni 180. Mchapuko wake? Nikasema inategemea anayesukuma kala nini. Hakucheka. Nikaomba muda hadi kesho. Kani ninayoijua mimi ni ile ya kushika.

Jumanne, tarehe 7

Nina akili! Jirani wa ghorofa ya chini ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Kumwuliza waziwazi ni aibu. Kufikia jioni jengo zima lingejua. Kwa hiyo nimemwambia Bi Mwalimu nataka kusogeza kabati langu. Kilo 60. Nitalisukuma kwa nyutoni 300, sakafu inanipinga kwa 180. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza sakafu nimeipimaje. Kwa uzoefu, nikasema. Akanieleza: toa msuguano kwenye kani, kinachobaki gawa kwa kilo. Mbili. Nimepanda ngazi nikiimba mbili, mbili, isinitoke. Nikamtangazia binti. Akauliza mbili nini. Loo! Hilo sikuuliza.

"Mbili tu," nikasema. "Usipende makuu."

Jumatano, tarehe 8

Balaa. Bi Mwalimu kabisha hodi, mikono ya gauni keshaikunja. Eti kanionea huruma, mtu wa umri wangu kusukuma kabati peke yake. Mke wangu akauliza kabati gani. Ningesema kweli yangekwisha. Nikaonyesha lile la mama mkwe, limejaa vyombo. Nikasukuma. Wapi! Bi Mwalimu akasema kwa upole kwamba kani yangu bado haijaushinda msuguano. Hapo akaingia shemeji, akauliza kama nataka msaada. Msaada! Nikarudi nyuma, nikalivamia kwa bega. Likateleza! Nami nyuma yake. Likagonga fremu ya mlango, likasimama. Mimi sikusimama.

"Umeona?" Bi Mwalimu akamwambia binti. "Kabati limezuiwa na mlango. Yeye hakuna kilichomzuia, kaendelea na safari."

"Kazuiwa na kabati," binti akasema.

"Barabara!"

Wakaketi na kalamu. Shemeji akaniletea barafu. Nikakaa jikoni na mdomo umevimba, nikiwasikia wakicheka swali baada ya swali. Wivu nao una uzito wake. Sijui hupimwa kwa kipimo gani.

Alhamisi, tarehe 9

Dukani ninakouza viatu, kila anayejaribu kiatu anauliza nani kanipiga. Nawajibu ni kabati. Bibi mmoja akanishika mkono, akanishauri nirudi kwa mama yangu.

Jumatatu, tarehe 13

Binti kapata tisini! Swali moja liliuliza kwa nini abiria husogea mbele dereva akikanyaga breki. Anasema aliukumbuka mdomo wangu, akaandika bila kufuta. Na karatasi kanionyesha mimi kwanza! Kabla ya mama yake, kabla ya mjomba. Akaketi kando yangu kwenye kochi, akanifafanulia majibu yote tangu mwanzo. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Sikuelewa hata neno. Siku nyingi sijafurahi hivi.

Kisha akasema wiki ijayo ni kemia, labda amwombe tena Bi Mwalimu. Amwombe! Nikamwambia ana bahati: fizikia nilikuwa najishikiza tu, kemia ndiyo ilikuwa yangu hasa. Kesho napita kwa mfamasia. Nitamwambia nimemwaga asidi sakafuni, anipe hesabu ya magadi ya kuituliza. Safari hii hakuna hatari. Mfamasia ana duka, hana muda wa kutembelea watu.