Nukta Mia Tatu na Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Ni wiki yangu ya mwisho ya majaribio katika duka hili la mabango. Ijumaa Mzee mwenye duka anaamua: niajiriwe au niende zangu. Mke wangu anajua nimeshaajiriwa. Nilimwambia mwenyewe, tena kifua mbele. Naye kamwambia mama yake. Nimekwisha!

Leo Mzee kanipa kazi ya kunipima. Bango la fundi cherehani: sindano, na uzi uliojipinda mara mbili. Uchorwe kwa ile kalamu ya kuchorea ya kwenye kompyuta, inayoongozwa kwa mausi. Kaniuliza kama naiweza. Nikasema kwangu hiyo ni kama kunywa maji. Sijawahi kuigusa.

Jumanne, 5 Machi

Nabofya hapa, nabofya pale: nukta mbili, na mstari kati yake umenyooka. Nabofya tena: umenyooka. Uzi wangu unafanana na ngazi. Kimya, dada wa meza ya jirani (tunamwita hivyo kwa sababu haongei mpaka alazimike), anachora shingo ya bata kwa mibofyo miwili! Nikachungulia. Akaniona. Nikajifanya nanyoosha shingo.

Mchana nikapata akili. Nikabandika kifuniko cha chupa kwenye kioo cha kompyuta, nikazungusha mausi kufuata ukingo wake. Kioo kimekwaruzika. Nimeficha mkwaruzo kwa kikaratasi kilichoandikwa "Muhimu".

Jumatano, 6 Machi

Kimya kaja mwenyewe. Kasema, kaka, ukibofya usiachie, vuta kwanza, mstari utajipinda wenyewe. Akataka anionyeshe, dakika tano tu. Nikamjibu kwamba kila fundi ana mtindo wake. Kwa nini nimesema hivyo? Mdomo huu utaniponza. Karudi kwa bata wake.

Basi mtindo nimeupata: vistari vifupi vifupi, nukta zikaribiane. Ukisimama mbali utadhani umejipinda. Nukta mia tatu na kumi na mbili! Kidole kimevimba. Leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 8 Machi

Mzee alisimama mlangoni, akausifu uzi. Moyo ukatulia. Kisha akautuma kwenye mashine ya kukata stika za kubandika bangoni. Mungu wangu! Nani aliniambia kwamba kisu hushtuka kwenye kila nukta? Kikatua, kikanyanyuka, kikatua. Stika ikachanika, ikakunjamana. Na fundi cherehani mwenyewe yupo! Akauliza kama huo ni uzi wake au panya wameshautafuna.

Mzee akafungua mchoro. Nukta zikajaa kioo kizima kama mchwa. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kimya akachora uzi ule ule kwa nukta tatu, ukakatwa kabla sijameza mate. Kisha akasema, Mzee, huyu ana subira, niachie mimi nimfundishe. Mzee akafikiri, mimi naokota vipande vya stika. Uamuzi: Jumatatu nimchoree uzi mwingine, ukatwe mbele yake. Ukichanika, tuagane kwa heri.

Nyumbani mke kauliza habari za kazini. Nikamwambia nimepewa msaidizi.

Jumatatu, 11 Machi

Lazima niandike haraka. Asubuhi Kimya alinikalisha. Nikabofya, sikuachia, nikavuta. Ukajipinda! Nusura nilie, nasema kweli. Nukta tatu tu, na uzi laini kuliko wa fundi mwenyewe. Kimya akasema usiuguse tena, kaka, mpelekee Mzee hivyo hivyo. Akaenda kula.

Nikabaki peke yangu na uzi. Nikauangalia. Nukta tatu! Asubuhi nzima, nukta tatu! Mzee akiufungua si atasema nilikuwa nimelala? Nikashika mausi tena.

Nimeongeza nukta arobaini, aone nimejituma, nikamtumia. Namsikia anawasha mashine.