Wiki Niliyoiokoa Kliniki ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Naanza leo, na ninaapa kuandika yote, hata yatakayonitia aibu. Shule imefungwa. Mwalimu wa sayansi ametaka kila mwanachama wa Klabu ya Mazingira achunguze kazini kwa mzazi wake na aone kipi kinapotea bure. Katibu wa klabu, ambaye baba yake ana duka la vitabu, ameshatangaza kwamba dukani kwao mifuko ya plastiki imekwisha. Kiherehere tu.

Mimi nina jambo kubwa zaidi. Mama ni mtaalamu wa fiziotherapia. Waliovunjika na waliokakamaa huja kwake kunyooshwa. Leo nimekaa kliniki nikaona kwa macho yangu. Karatasi ya kitandani hubadilishwa kwa kila mgonjwa! Mikanda ya mpira ya mazoezi ikichanika kidogo, pipani! Na pale pembeni kuna sufuria kubwa ya umeme ya kuchemshia vifuko vya kukandia. Inawaka usiku na mchana, watu wawepo wasiwepo. Niliumia.

Nilimweleza Bibi. Bibi alivunjika nyonga, na tangu atoke hospitali analala chumbani kwangu. Anatupenda, lakini roho yake iko kwake, ghorofa ya tatu, penye cherehani yake. Jengo halina lifti. Mama amesema Jumapili atampima: akipanda ngazi zote mwenyewe, anabaki kwake. Akishindwa, anarudi kwetu mwezi mwingine. Bibi akanijibu kwamba mazingira ni kitu kizuri, ila kwa sasa yeye anawaza ngazi.

Jioni, kabla hatujafunga, nilizima sufuria. Hakuna aliyeniona. Nalala nikiwa mwepesi kama unyoya.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Kumbe sufuria ile ikishapoa, huchukua nusu siku kupata moto! Ndiyo maana haizimwi. Na mgonjwa wa kwanza alikuwa nani? Bibi. Mama alimwekea kifuko nyongani bila kukipima. Baridi kama chura. Bibi aliruka. Kwa mtu mwenye nyonga kama yake, aliruka vizuri sana, nikataka kulisema hilo, lakini uso wa Mama ukanizuia.

Bila kukandwa, nyonga haikulegea. Alipanda ngazi fupi ya mazoezi mara moja tu, akaketi na kutazama ukuta. Mama akauliza ni nani aliyezima. Nikaanza kueleza habari za mazingira. Hakunipa nafasi ya kumaliza. Kuanzia leo nisiguse swichi yoyote ya kliniki.

Bibi hakunisema hata kidogo. Afadhali angenisema.

Jumatano, 6 Agosti

Mikanda haina swichi. Niliokota iliyochanika kutoka pipani, nikaiosha kwa sabuni, nikaiunga kwa fundo tulilofundishwa shuleni, nikairudisha kwenye ndoana yake. Ilipendeza!

Akaja Mzee Shingo. Ni dereva wa treni mstaafu, tunayemwita hivyo kwa sababu shingo yake haigeuki. Akauvuta mkanda. Fundo langu lilishika barabara. Ni mkanda wenyewe uliokatika, kando ya fundo, ukaruka hadi mapokezi na kuangusha kikombe cha chai. Mzee Shingo akageuka kuutazama. Mama anasema hajageuka hivyo tangu Machi. Tatizo ni kwamba hakuweza kurudi. Alibaki anatazama mapokezi, na dada wa mapokezi akadhani anamkodolea macho.

Baada ya kumrudisha mahali pake, Mama aliniketisha. Nilitarajia makofi. Badala yake akasema polepole, "Sikia, mwanangu. Mgonjwa akipona vizuri, harudi tena hapa. Hakuna gari, hakuna umeme, hakuna karatasi. Mazingira yangu ndiyo hayo."

Yameniingia sana, hasa lile la gari.

Alhamisi, 7 Agosti

Magari! Sikuwa nimeyafikiria. Bibi huletwa na teksi peke yake. Mzee Shingo anakaa mtaa wa pili, ana gari, naye huja peke yake. Nilimpigia simu nikamwomba ampitie Bibi. Alifurahi mno.

Nani angejua kwamba Mama alimkataza kuendesha mpaka shingo ipone? Kumbe siku zote huegesha nyuma ya duka la dawa, kisha humalizia kwa miguu huku akitweta ili aaminike! Leo, kwa heshima ya Bibi, alimshusha mlangoni kabisa. Mama alikuwa dirishani. Bibi alishuka akijisifu kwamba njia nzima ndiye aliyekuwa akimtazamia kushoto, kulia na nyuma.

Mama alinyoosha kiganja. Mzee Shingo akatoa funguo. Mimi nikapelekwa kukunja taulo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee Shingo amebisha hodi kwetu asubuhi, kwa miguu, kweli safari hii. Akamwambia Bibi, "Mama, mjukuu wako kaninyang'anya gari. Basi twende wote, unionyeshe mashimo." Bibi akamjibu kwamba asijaribu kumwacha nyuma, maana fimbo yake ni ndefu.

Nilifuata kwa nyuma. Mzee Shingo hawezi kutazama chini, Bibi hawezi kwenda haraka. Walipumzika kila penye kivuli. Walifika wamechelewa sana, na Mama alikuwa ameshafungua kinywa. Kisha akautazama mguu wa Bibi, akafunga kinywa. Akamwambia apande ngazi fupi. Bibi akapanda, akashuka, akapanda tena bila kuambiwa.

Nimeuandika mpango huu kwenye ripoti yangu. Gari moja pungufu, teksi moja pungufu. Katibu na mifuko yake!

Jumapili, 10 Agosti

Jana Bibi na Mzee Shingo walitembea tena. Leo ndiyo leo.

Ghorofa ya kwanza Bibi alipanda akipiga soga. Ya pili alinyamaza. Katikati ya ngazi za mwisho alisimama, ameshika reli, mguu unatetemeka. Nikaruka nimshike. Mama akanivuta mkono wa gauni. "Mwache," akaninong'oneza. "Hizi ni zake."

Tulisubiri. Kisha fimbo ikagonga kipandio kilichofuata.

Aliingia akaketi kwenye cherehani, viatu miguuni, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Mama alikwenda dirishani, akakaa huko ametugeuzia mgongo. Mimi nililia kidogo. Chumba changu kitakuwa kikubwa mno.

Tulipokuwa tunaondoka, nilizungumza na msimamizi wa jengo. Ana pampu inayosukuma maji hadi tangi la juu, nayo inanguruma mchana kutwa! Nimepiga hesabu zangu. Ndoo ndogo ndogo zikipandishwa kwa mkono ni mazoezi bora ya mabega na nyonga, na jengo zima litapona kwa mpigo. Mama alikataza swichi za kliniki. Hii si kliniki. Nimemtumia msimamizi ujumbe, naunakili hapa kama nilivyoapa:

Shikamoo. Tafadhali, swichi ya pampu iko upande gani, na naomba unijibu leo hii, kabla Bibi hajaanza kufua?