Mabadiliko Kwenye Ndoo

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi ya mawingu, manyunyu mpaka saa tatu. Shuka za wodi ya wazazi hazijakauka. Wiki ya sita sasa tangu makaro yetu ya kufulia yavunjwe kupisha mashine. Tunafulia kwenye ndoo, na mikono ya wenzangu imechubuka. Leo Mkurugenzi wa Mabadiliko alikuja kututia moyo. Mimi kama msimamizi wa wafuaji wa hospitali nilitaka jibu moja tu: mashine zinafika lini? Nanakili hotuba yote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Makamu wake, Kaimu wa Makamu wake, mwakilishi wa Katibu ambaye naye ametuma mwakilishi, madaktari, wauguzi, na ninyi ndugu zangu wafuaji mliosimama kwa kuwa viti vimewatosha wageni tu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, safu ya mbele.)

Nimesimama hapa, mimi niliyeleta transfomesheni katika taasisi tatu, mbili kati ya hizo zikiwa bado zipo, kuwaambia kwamba mabadiliko si vifaa, mabadiliko ni maindseti, na kwamba kiongozi wa timu hujitia moyo mwenyewe kwanza, kama mimi ninavyofanya kila asubuhi mbele ya kioo kwa kujiita Mheshimiwa mara mbili. (Kicheko. Mkurugenzi anashangaa.) Kwa mujibu wa utafiti wangu, asilimia tisini na nne ya wafuaji wanayapenda mabadiliko, na asilimia sita hawakupatikana, walikuwa wanaanika. (Mama mpiga pasi: 'Sote tulikuwa tunaanika, baba.') Ahsante, mama, kwa mchango huo.

Tulipovunja makaro, wapo walionung'unika kwamba tumetupa mbachao kwa msala upitao. Nami nawauliza leo, mbele ya Bodi: yupo mgonjwa hata mmoja aliyelalia shuka chafu? (Mimi: 'Hapana, mheshimiwa, ila mikono ya—') Hapana. Amesema hapana, iandikwe hivyo. (Makofi, safu ya mbele.) Ndoo zimefanya kazi ya makaro, mikono imefanya kazi ya umeme, bila fundi, bila spea, na huo ndio ufanisi endelevu nitakaouwasilisha kwenye semina ya juma zima, hotelini, kwa niaba yenu.

(Mfuaji wa zamu ya asubuhi: 'Mashine lini, baba?') Swali zuri, dada yangu, na mmelijibu wenyewe kwa vitendo. Mashine ni ya wasioweza, ninyi mmeweza. Basi itikieni. Mabadiliko? (Nyuma: 'Ndoo.') Maindseti? ('Ndoo.') Maendeleo? ('Ndoo.')

Nahitimisha kwa kuwashukuru kwa dhati kwa kupisha, kwa moyo mmoja, mashine ambazo, kwa jinsi tulivyowaamini, hatukuwahi kuziagiza. Ahsanteni sana."

Safari hii hata safu ya mbele ilisahau kupiga makofi. Mama mpiga pasi akaninong'oneza, "Mkuu, kesho tufue vibaya?"

Nilifikiri kidogo. Mgonjwa hana kosa. Nikamwambia shuka za wodi zitoke safi kama kawaida, ila mapazia ya ofisini na vitambaa vya meza ya wakubwa visubiri mashine.

"Mashine ipi tena, mwenzangu?"

"Hiyo hiyo."

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kuwaambia wengine. Sasa nalala, ni saa nne na robo usiku.