Troli Sitini za Lowell Stupka

Jumatatu, 6 Oktoba

Wametundika bango. Kubwa kama shuka la kitanda. Duka la vyakula la bei ya chini, kufunguliwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Wamelitundika palepale ukutani ambapo kivuli cha herufi za lile duka kubwa la zamani bado kinasomeka. Lile lilitukimbia miaka saba iliyopita, likaacha jengo tupu lenye ukubwa wa viwanja viwili vya mpira na majani yakiota kwenye nyufa za lami.

Mji mzima ulilia siku ile. Mimi nilinunua vani.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Duka la vyakula lililobaki karibu liko maili ishirini na sita, Harlan Falls. Vikongwe sita wa mtaa wetu hawaendeshi tena. Kila Jumanne nawapeleka, dola tisa kichwa kimoja, na mizigo nawapandishia hadi jikoni. Miaka saba. Sijapata siku hata moja ya kulishukuru lile jengo tupu, na sasa wamelijaza. Tena hawakulijaza, wamechukua theluthi moja tu, wakapiga ukuta katikati. Theluthi moja imetosha kunimaliza.

Duane alipita jioni. Ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu Peg, ana kituo cha mafuta. Akaegemea vani na kuniuliza kama naiuza kwa kilo au nzima nzima. Nikamwuliza naye maziwa yake ya dola sita atamwuzia nani kuanzia Alhamisi. Akasema shemeji, mwenzako nimeshajipanga, wale jamaa hawatoi mifuko, kila mtu aje na wake. Kaagiza mifuko mia tatu ya kitambaa. Atauza mlangoni.

Imeniuma kwamba nimesikia wazo hilo kutoka kwake.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilipanga kuwatisha. Tulipofika tu barabara kuu nikaanza. Nikawaambia kule makopo hayapangwi rafuni, yanaachwa ndani ya maboksi yake. Kwamba wapokea malipo wanafanya kazi wamekaa vitini. Kwamba troli zimefungwa kwa mnyororo kama mbwa, hupati moja mpaka uingize robo dola kwenye tundu, na robo yako hairudi mpaka uirudishe troli kwa mkono wako. Na vitu vyako unafungasha mwenyewe.

Arlene Hochstatter, themanini na nne, ndiye spika wa bunge la vani. Akasema afadhali. Miaka yote watu wamemfungashia mayai chini ya viazi, sasa atajilaumu mwenyewe. Bernadine akasema na hao wa malipo waacheni wakae, miguu si chuma. Wakaanza kuulizana bei ya siagi. Maili ishirini na sita kwenda na ishirini na sita kurudi, siagi.

Kilichonisumbua ni kushuka. Siku zote wananiambia Jumanne ijayo usichelewe, hata kama sijawahi kuchelewa. Leo hakuna aliyesema hivyo. Kila mmoja alinishukuru. Bernadine akanipa chupa ya bitiruti za siki, akanishika mkono muda mrefu kidogo kuliko inavyohitaji chupa.

Siku sita nyingine za wiki nyumba ina mimi na saa ya ukutani. Lazima nifanye kitu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata. Tena ni zuri kuliko mifuko.

Watu wa mji huu hawatembei na sarafu. Wanalipa kwa kadi hata chingamu. Kesho watu mia mbili watafika pale, watakuta troli zimefungwa, wataanza kupekua chini ya viti vya magari yao. Hapo ndipo nilipo mimi. Nafika mapema, nafungua troli sitini kwa robo zangu, nazipanga. Dola moja, chukua troli iliyo tayari. Ukimaliza, niletee. Robo yangu inabaki ndani, dola inabaki mfukoni. Sitini kwa raundi, raundi nne kwa siku. Faida hiyo inazidi Jumanne nne za vani.

Benki walinipa robo themanini. Binti wa dirishani akauliza kama nakwenda kufua nguo za mji mzima kwenye mashine za sarafu. Nikamwambia biashara.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika nikiwa nimeloweka miguu.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Foleni tayari. Mia wa kwanza wanapewa bahasha ya dhahabu yenye kadi ya kununulia vitu, nyingine ya dola tano, nyingine ya mia. Mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini: Arlene. Nyuma yake wenzake watano, kwa mpangilio uleule wa vani. Nikamwuliza kaletwa na nani. Akasema na Duane, kwenye pikapu, bure. Nilikwenda kufungua troli zangu.

Sitini, moja moja. Tundu zile ni ngumu, kidole gumba kimevimba. Kufika saa mbili na nusu zote zimesimama safu mbili, nami katikati na koti langu zuri. Nimefungua mdomo nitaje bei. Arlene akawahi. Akasimama juu ya miguu yake miwili, jambo analofanya kanisani tu, akawatangazia watu mia mbili kwamba yule ni Lowell, dereva wao wa miaka saba, na mwone duka limemnyang'anya riziki na bado katoa robo ya kila mtu mfukoni mwake.

Wakapiga makofi.

Nani anaweza kutaja dola moja katikati ya makofi? Mwanamume mmoja mwenye kofia ya kijani alivua kofia. Mpiga picha wa gazeti akaniambia nishike troli kwa mikono miwili. Meneja, Bi Renata Quill, akatoka na kunishukuru mbele ya watu, akasema kwao hakuna kazi ya mshika troli lakini kama ingekuwapo angenipa. Nikatabasamu. Troli sitini zikaondoka kwa dakika tisa.

Nikajipa moyo. Watazirudisha, nitachomoa robo zangu, dola kumi na tano zitarudi. Nilisahau ninaishi na watu gani. Hapa mtu akimaliza na troli hairudishi. Anamwona anayekuja, anamsukumia, anamwambia chukua tu, imo robo ndani, nami nilipewa. Yule anachukua, naye anampa mwingine. Hakuna anayepokea sarafu. Ni aibu kupokea. Nilimfuata wa kofia ya kijani hadi mwisho wa maegesho, mkono nimeshaunyoosha, akampa troli mama mwenye pacha. Nikamsubiri mama mwenye pacha dakika arobaini. Akampa mchungaji. Mchungaji sikumfuata.

Hadi jioni nimepata robo tatu. Duane kauza mifuko mia moja na tisini. Alipita akaniambia shemeji, nakuonea fahari, kweli, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kikohozi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niko ukurasa wa kwanza. Wameandika umri wangu sitini na tisa. Nina sitini na saba.

Fundi wa breki kakataa malipo. Jirani ambaye hatujasalimiana tangu tuliposhtakiana kwa ajili ya uzio kaleta mkate wa tufaha, bado wa moto. Mtoto wa shule kanipungia mkono. Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nimekula mkate wote na nimefurahi. Nashukuru. Dola kumi na nne na senti ishirini na tano kwa furaha ya siku mbili si bei mbaya. Lakini ni dola kumi na nne na senti ishirini na tano.

Mchana nikampigia Bi Quill. Akasema, ah, usiku walipofunga walikuta robo arobaini na moja zimebaki kwenye troli. Nikasema nakuja. Akasema uje uone, tumeziweka kwenye mtungi mlangoni, asiye na sarafu anaazima, tumeandika ROBO ZA LOWELL. Kuna na picha yangu.

Nikasema ni wazo zuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani waliniombea. Baada ya ibada nikaenda dukani peke yangu, kofia imeshuka hadi nyusi, kuona adui anauzaje. Mayai dola mbili na kidogo. Maharage ya kopo nusu ya bei ya Harlan Falls. Nilisimama mbele ya siagi muda mrefu. Wale vikongwe walikuwa na haki, bei ile ni ya kuzungumziwa maili hamsini na mbili.

Lakini kabla ya yote hayo, mlangoni, nilihitaji troli, na robo nilizonazo nilikuwa nimeziacha nyumbani kwa ukaidi. Nikatia mkono mtungini. Yangu, kwani ni ya nani? Nyuma yangu sauti ikasema kwa upole kwamba zile ni za wasiojiweza, shemeji. Duane. Watu watatu wakageuka. Nikarudisha. Nikabeba maharage mikononi, makopo kumi na mbili. Mawili yalianguka, na kila lililoanguka liliokotwa na mtu aliyeniita mzee wetu.

Jumanne, 14 Oktoba

Saa mbili asubuhi mguu ulinipeleka wenyewe kwenye vani. Nikawasha. Nikakaa. Kioo cha nyuma, viti kumi na moja vitupu. Nikazima.

Simu ikalia. Arlene. Akaniuliza kama nimekufa, na kama sijafa, kwa nini wanawake sita wamesimama barazani kwenye baridi hii wakiwa na mifuko yao.

Nikasema nilidhani wana Duane. Akasema Duane ana pikapu, mwanangu, walikaa nyuma na magunia ya mbolea, na redio haizimwi. Tena duka liko maili moja na nusu na barabara haina njia ya miguu, nilitaka watembee?

Nikafika kwa dakika tatu. Wote sita, mpangilio uleule. Dakika nne baadaye tuko mlangoni pa duka na hakuna anayeshuka. Bernadine alikuwa katikati ya habari ya upasuaji wa mpwa wake. Arlene akatoa uamuzi: duka hili liko karibu mno, hakuna habari inayofika mwisho. Akasema nizunguke kwa njia ya zamani hadi daraja la Harlan Falls, ndipo turudi. Kila Jumanne.

Nikataja dola tisa. Akasema bei ya chini imefika mjini, Lowell, nawe shuka. Tukamalizana kwenye nne. Nne mara sita, ishirini na nne. Mafuta kumi na moja. Darajani wakataka maandazi na kahawa, kumi na mbili, na sijui nilitoaje pochi mimi. Faida dola moja. Waliposhuka, wote sita waliniambia Jumanne ijayo nisichelewe.

Namshukuru Mungu. Nalishukuru hata jengo.

Bi Quill kaninong'oneza jambo. Zile theluthi mbili zilizobaki zimepata mpangaji: duka jingine la bei ya chini, vyombo na nguo, kufunguliwa Machi. Troli za mnyororo. Nimekwenda benki, nimeagiza robo mia moja na ishirini. Na kwa kuwa sitarudia kosa la kumwachia Duane mifuko, nimepita kituoni nikanunua yote iliyombakia, mia moja na kumi, kwa nusu bei. Mji mzima sasa una mifuko, ndiyo, lakini mifuko huchakaa. Alinibebea mwenyewe hadi kwenye vani, akizuia kile kikohozi chake, machozi yakimtoka.

Safari hii nitataja bei kabla Arlene hajasimama.